Hadithi Imeiacha Picha Mbali: Mimi Nimetoa Alama 17, Mwenzangu Ametoa 7

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa lugha katika shule ya sekondari na ninafundisha utungaji katika kidato cha pili. Nakuandikia kwa sababu zoezi la kawaida la darasani limeniweka katika hali ngumu na mwalimu ninayemheshimu, na limenifanya nianze kuitilia shaka njia yangu ya kufundisha.

Tangu muhula uanze nimekuwa nikiwapa wanafunzi picha badala ya kichwa cha insha, nikiwataka watunge hadithi kutokana na picha hiyo. Nilikuwa nimechoshwa na hadithi zinazoanza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, zikamalizika kwa msimulizi kuzinduka usingizini na kugundua kuwa kumbe yote yalikuwa ndoto. Niliamini kwamba picha ingewatoa huko. Kwa wengi haikuwatoa. Huanza kwa kuandika "Katika picha hii ninaona", kisha wakataja kila kilichomo kutoka kushoto hadi kulia, na vitu vinapokwisha, insha nayo inakuwa imekwisha. Wengine huongeza tukio moja la ghafla, aghalabu ajali au wizi, halafu ndoto ileile ikarudi.

Zoezi la mwisho lilitumia picha ya kituo cha garimoshi. Kuna benchi tupu, sanduku lililosimamishwa kando yake, mtu anayeondoka akiwa ametupa mgongo na, juu kabisa kwenye pembe, saa ya ukutani yenye kioo kilichopasuka. Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida haandiki zaidi ya ukurasa mmoja, aliandika kurasa nne kuhusu mwanamke fundi saa anayetengeneza saa za watu wote isipokuwa moja aliyoachiwa na baba yake. Saa hiyo haigusi wala hamruhusu mwanagenzi wake aiguse, na hadithi inaisha kwa mwanagenzi kuisikia ikigonga usiku. Humo hamna kituo, hamna garimoshi, hamna sanduku. Nilimpa alama 17 kati ya 20. Mwalimu mwenzangu, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi na aliyenishika mkono nilipoajiriwa, husahihisha upya baadhi ya kazi zangu ili viwango vyetu vilingane. Yeye alimpa 7. Pembeni akaandika: "Hadithi nzuri, lakini si ya swali hili."

Tumejadiliana kwa adabu bila kuafikiana. Anasema picha ndiyo swali, na anayelikwepa swali hawezi kutuzwa kwa uzuri wa sentensi zake. Anasema pia kwamba picha ni za watoto wa shule ya msingi, na kwamba vijana wa rika hili wangefaidika zaidi kwa kusoma insha za mfano na kuziiga. Sasa mkuu wa idara ameniomba niandike mwongozo wa kusahihisha tutakaoutumia sote wawili muhula ujao, na mwenzangu amesema atauheshimu wowote nitakaoandika. Kauli hiyo imenilemea kuliko upinzani. Nikiandika kwamba hadithi ina ruhusa ya kwenda kokote, nitakuwa nimemshinda mkubwa wangu kwa kalamu tu. Nikiandika kwamba lazima vilivyomo kwenye picha vionekane katika hadithi, nahofia nitamrudisha kijana yule kwenye ukurasa wake mmoja, na wenzake watabaki kwenye orodha zao. Kazi zenyewe bado ziko mezani kwangu, na kijana ameshaanza kuulizia alama zake.

Nifanye nini?

Mwalimu wa Kidato cha Pili

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nimeona kwamba hukumsema mwenzako vibaya hata mahali ambapo ungeweza, na hilo litakufaa, kwa kuwa mwongozo ulioombwa kuuandika utatumiwa na watu wawili, na ukiwa wa mmoja tu hautafika mwisho wa muhula.

Nikikuelewa vyema, unasumbuliwa na mambo mawili yaliyosokotana. Moja ni la ufundishaji: kwa nini picha haijawafungua wanafunzi wako wengi? Lingine ni la haki: hadithi iliyochochewa na picha inapaswa kubaki karibu na picha hiyo kwa kiasi gani? Katika barua yako umeyafanya kuwa jambo moja, kana kwamba mwongozo mlegevu utawaponya wanaoorodhesha na mwongozo mkali utawazamisha. Sina hakika kwamba yamefungamana hivyo. Mwanafunzi anayeorodhesha ataendelea kuorodhesha hata ukimwambia yuko huru kwenda kokote, maana shida yake ni kwamba hajui hadithi inaanzia wapi.

Kwa hiyo niwatangulize hao, kwa sababu ndio wengi na ndio wasio na wa kuwagombania. Umewapa picha ukitarajia kwamba ndani yake mna hadithi. Lakini picha imeusimamisha wakati, na hadithi haiwezi kwenda bila wakati. Mtoto mwangalifu akipewa sekunde moja iliyoganda na kuambiwa atunge, hufanya kile ambacho sekunde hiyo inamruhusu: huhesabu vilivyomo, kama karani wa mahakama anayeorodhesha mali ya mdaiwa. Ninavyoona mimi, hilo ni jibu la uaminifu kwa agizo lisilokamilika, na singeharakisha kuliita ukosefu wa ubunifu.

Tatizo hili ni la zamani kuliko shule zetu zote. Mwaka 1766 mwandishi Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alichapisha kitabu kuhusu mipaka ya uchoraji na ushairi, na mfano mmoja alioutumia ni ngao ya shujaa Achilles katika sura ya 18 ya Iliad, utenzi wa kale wa Kiyunani wa mshairi Homer. Ngao hiyo imejaa michoro: miji, harusi, watu wanaogombana mbele ya wazee, wakulima shambani. Lessing aligundua kwamba Homer haielezi ngao iliyokamilika ikining'inia ukutani. Anatuonyesha mungu Hephaestus akiifua, mchoro baada ya mchoro, hivyo kila kilichomo kinatufikia kama tendo. Nakutajia hili kwa sababu linajibu, kwa njia ya pembeni, ile hoja ya kwamba picha ni za watoto wadogo, na zaidi kwa sababu linaweza kugeuzwa kuwa zoezi la dakika kumi. Benchi lisielezwe, aandikwe mtu anayelipangusa kwa leso kabla ya kuketi, kisha asiketi. Sanduku lisitajwe rangi. Iulizwe nani alilifunga, na ni kitu gani alikiacha nje kwa kuwa hakikuingia. Ungeweza pia kuyapiga marufuku maneno "picha" na "ninaona" kwa zoezi moja tu, ukaona sentensi zao zitashika njia gani.

Na ile ndoto? Huwa naisikitikia kidogo, kwa kuwa inalaumiwa kupita kiasi. Mwanafunzi huleta ajali kwa sababu ameambiwa hadithi inahitaji mgogoro na taharuki, lakini ajali hiyo haikutokana na haja ya mhusika yeyote, kwa hiyo hakuna njia ya kuitatua kutoka ndani. Kuzinduka usingizini ndio mlango pekee uliobaki wazi. Kabla hawajaandika hata mstari mmoja, waulize yule anayeondoka kituoni anataka nini na nini kinamzuia kukipata. Anayejua jibu hatahitaji ajali, na asipokuwa na ajali hatahitaji ndoto.

Kuna mbinu nyingine ambayo huenda ikakupatia nafasi ya kukutana na mwenzako. Abigail Housen na Philip Yenawine, walioshughulikia namna watu wanavyojifunza kutazama kazi za sanaa, waliunda utaratibu wa majadiliano unaotegemea maswali matatu: Kuna nini kinachoendelea katika picha hii? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kugundua nini zaidi? Swali la pili ndilo lenye uzito kwako, kwa sababu linamdai mwanafunzi ushahidi bila kumwambia amekosea, na nadhani hata mwalimu anayehofia wanafunzi kulikwepa swali atalikubali. Nikuonye hata hivyo kwamba maswali hayo yanafundisha kutazama, na kutazama si kutunga. Ukiishia hapo, utapata watazamaji hodari wenye madaftari matupu. Lazima waulizwe pia kuhusu kisichoonekana. Edward Hopper alichora mwaka 1942 mchoro uitwao Nighthawks, wenye watu wachache ndani ya mkahawa wenye mwanga mkali usiku, nyuma ya kioo kikubwa, na hakuna mlango wowote unaoonekana wa kuingilia kutoka barabarani. Wengi hupita bila kuligundua hilo. Atakayeligundua ameshapata hadithi nusu: wameingiaje, na ni nani kati yao angependa kutoka?

Sasa nije kwa kijana wako na saa yake. Uliniambia mwenyewe kwamba saa iliyopasuka kioo imo pichani, juu kabisa kwenye pembe. Basi sielewi vizuri maneno kwamba hadithi yake imeiacha picha. Inawezekana kabisa kwamba yeye ndiye aliyeitazama kwa makini kuliko wote, akaenda mahali ambapo macho ya wenzake hayakufika. Pale Brussels kuna mchoro unaonasibishwa na Pieter Bruegel kuhusu kuanguka kwa Icarus, yule kijana wa visasili vya Kiyunani aliyeruka kwa mabawa ya nta. Anayeutazama huona kwanza mkulima akilima, mchungaji akiangalia juu, na merikebu. Icarus mwenyewe ni miguu miwili tu inayozama baharini, chini kwenye pembe. Mchoraji aliweka jambo kubwa mahali padogo, na mwanafunzi anayeanzia kwenye pembe yuko katika desturi njema.

Hata hivyo, mwanangu, niruhusu nikuulize kuhusu zile alama 17. Ukishasoma rundo la insha zinazofanana, ya kwanza iliyo hai hukufanya ushukuru, na shukrani inaweza kujipenyeza kwenye kalamu nyekundu. Je, ungempa alama hizo kama darasa zima lingekuwa limeandika kwa kiwango hicho? Huenda ungempa, nami siwezi kulijua hilo nikiwa huku. Lakini ni vizuri ulijue wewe kabla hujakaa na mwenzako.

Nazo alama zake 7 usizisome kama chuki dhidi ya ubunifu. Msahihishaji mzoefu amewahi kukutana na hadithi iliyokaririwa nyumbani, ikabebwa hadi chumba cha mtihani na kubandikwa juu ya swali lolote lililotolewa. Ukali wa kudai kwamba kazi ilingane na swali ulizaliwa huko, kwa nia ya kumlinda yule anayetunga papo hapo asishindwe na anayenakili kutoka kichwani. Leo kuna pia programu za kompyuta zinazoweza kuonyeshwa picha na kutoa hadithi nzima kwa muda mfupi, jambo linaloizidisha hofu hiyo. Swali ambalo nyote wawili mngeweza kuliuliza bila kugombana ni hili: je, hadithi hii ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuiona picha? Kwa hadithi ya fundi saa, jibu haliko wazi, na pengine ndiyo maana mmetofautiana kwa alama kumi. Kijana mwenyewe anaweza kulijibu. Mwite, umwombe akusimulie alianzia wapi, na usimwekee maneno mdomoni.

Kuhusu mwongozo, naziona njia kadhaa, na hakuna iliyo bure. Unaweza kudai kwamba mandhari ya picha iwe mandhari ya hadithi. Hilo ni rahisi kusahihisha, linampendeza mwenzako, na mwanafunzi anajua anachotakiwa kufanya. Lakini kwa darasa ambalo tayari linaorodhesha, dai hilo linaweza kusomeka kama amri ya kuendelea kuorodhesha, na kijana wako atakuwa wa kwanza kulipia.

Unaweza kuiacha hadithi iende mbali, kwa sharti kwamba chini yake mwanafunzi aandike sentensi mbili au tatu kueleza ni kitu gani katika picha kilichoizaa. Napenda njia hii kwa sababu inamlazimisha arudi kutazama, na inakupa wewe na mwenzako jambo moja la kulisoma pamoja. Hatari yake ni kwamba wapo wenye ulimi mwepesi watakaotunga maelezo baada ya kazi kuisha, na wapo waandishi wazuri wasiojua kabisa hadithi yao ilitoka wapi. Hao wa pili wataadhibiwa kwa unyoofu wao. Utahitaji kuamua kama maelezo hayo yana alama zake au yanasomwa tu.

Au unaweza kuyatenganisha mazoezi yenyewe. Kuna siku ambapo picha ni mahali, na hadithi lazima itokee humo. Kuna siku nyingine ambapo picha ni cheche tu. Kinachotakiwa kinasemwa kabla kalamu hazijashikwa, kila mara. Ninapoirudia barua yako, naona kwamba agizo la siku ile lilisema watunge hadithi "kutokana na picha", wewe ukalielewa kwa namna moja na mwenzako kwa nyingine, na mwanafunzi akaachwa katikati. Njia hii ingeziba pengo hilo, na ingempa mwenzako eneo lake halali badala ya kumfanya ashindwe. Ubaya wake ni kwamba sheria zikizidi, vijana huanza kuandika kwa ajili ya sheria, na muhula si mrefu.

Zile insha za mfano alizozitaja, nisingezifukuza. Kijana aliyejua kumalizia hadithi kwa saa kugonga usiku, bila kutueleza maana yake, amejifunza hilo mahali fulani kwa kusoma. Shida ya kuiga huja mwanafunzi anapoiga methali na mianzo, akaacha kuiga muundo. Pengine hapo pana kazi ambayo mwenzako angeifanya vizuri kuliko wewe, ukimwomba: achague mfano mmoja, awaonyeshe jinsi ulivyojengwa, halafu wewe uwape picha.

Nina jambo moja dogo ambalo hukuliuliza. Mara nyingi walimu wanaotafuta picha huchukua zile za magazetini zenye nyuso za watu walio katika dhiki, kwa sababu zinaamsha hisia haraka. Mwaka 1936, huko California, mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na watoto wake ambayo ilisambaa duniani kote. Mama huyo, Florence Owens Thompson, hakujulikana hadharani kwa jina hadi mwaka 1978, na alilalamika kwamba picha hiyo haikumletea faida yoyote. Darasa linapombunia mtu halisi maisha, hasa yenye aibu au hatia, lijadili kwanza lina ruhusa gani. Mtu aliyetupa mgongo, kama huyo wa kituoni kwako, ni chaguo lenye staha zaidi, na kwa kuwa uso wake hauonekani, huwaachia pia nafasi kubwa zaidi ya kubuni.

Amebaki kijana anayeulizia alama zake. Unaweza kusubiri mpaka wewe na mwenzako mkubaliane, lakini kila siku ya kusubiri atajaribu kubashiri kwa nini yake imechelewa, na huenda akabashiri vibaya. Unaweza kumpa wastani, ambao utakuwa wa haki kihesabu ilhali hauwakilishi maoni ya yeyote kati yenu. Unaweza pia kuyaacha maoni yote mawili pembeni mwa karatasi, lako na la mwenzako, na alama zikaandikwa baadaye. Hili la mwisho linahitaji idhini ya mwenzako, kwa hiyo usilifanye kabla hujamwendea. Ukienda, nenda na karatasi ya kijana na ile picha pamoja, mwongozo uache mezani kwako, na umwombe akuonyeshe saa iko wapi.

Shangazi